Mzani wa Betri wa Verdell

Esmond, Dakota Kaskazini
4 Mei 2009

Shemeji Orlin,

Nakusalimu kutoka katikati ya tope. Mwaka huu theluji imeyeyuka yote kwa mpigo, barabara yetu haipitiki ila kwa trekta, na dimbwi limefurika mpaka kwenye uzio wa malisho. Bata mwitu wamerudi, kelele kutwa kama akina mama wa kanisani wakiosha vyombo. Mimi ni mzima, goti ndilo lile lile. Mbwa wetu Skipper amezeeka, hasikii kitu ila sauti ya bakuli lake. LaVonne Brekke ameniletea tena sinia la viazi na nyama ya kusaga la kuoka. Friza imejaa, lakini huwezi kumkatalia LaVonne chakula chake ukabaki na amani katika kijiji hiki.

Verdell yupo hapa jikoni ninapoandika. Kifua hakimsumbui tena. Hasemi sana, unamjua.

Utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii, na ukisikia shida yenyewe utashangaa zaidi. Nataka kununua mzani wa kujazia risasi, ule wa kidijitali. Ndiyo, umesoma sawasawa. Msimu wa bata unafunguliwa mwisho wa Septemba na kuna maganda matupu ya risasi ya kujaza kabla ya siku hiyo, nami ndiye nitakayeyajaza. Kwenye katalogi kuna mizani ya dola ishirini na tano hadi mia tatu, na yote inajisifu kwa maneno yale yale. Ya mia tatu siiwezi. Wewe ni fundi, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuutetea mzani wa namna hiyo mbele ya watu. Niambie upi ni wa bei nafuu na hausemi uongo.

Usimwandikie Verdell. Niandikie mimi.

Wako,
Arlys


Naknek, Alaska
30 Mei 2009

Shemeji Arlys,

Barua yako ililala uwanja wa ndege wa King Salmon kwa sababu ya ukungu, ndege ya posta haikuruka. Mimi nipo, sijafa wala sijaoa. Kwenye kiwanda cha samaki tunatengeneza mitambo kabla samaki hawajaingia mtoni, na mpishi wetu mpya anaweka sukari kwenye kila kitu, hata kwenye maharage.

Nilipoona muhuri wa Esmond nilikaa chini kwanza. Mungu wangu! Verdell ananunua mzani wa betri! Arlys, unakumbuka nilivyomletea ule wa kwanza, Krismasi iliyofuata mazishi ya baba? Niliufunga vizuri na utepe. Akaufungua, akautazama, akatoka nao nje bila koti na kuutupa dimbwini. Ukatoboa barafu. Akarudi akasema kitu kinachotumia betri hakina aibu, na kwamba kama mzani wa baba haunitoshi basi na nyumba ya baba hainitoshi. Nami nikachukua mkoba wangu. Watu wawili wazima! Sasa leo mzee amelainika, na kwa kuwa ni Haugstad hawezi kuniandikia mwenyewe, anamtuma mke wake aulize bei. Nimecheka mpaka machozi. Mwambie sijakasirika. Hapana, mwambie nilikasirika, lakini yamepita.

Haya, mzani. Usinunue wa jikoni, wala wa wauza vito. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo kidogo sana kuliko gramu, kwa hiyo hakikisha unasoma greni na unaonyesha sehemu ya kumi ya greni. Chagua wenye waya wa umeme, kwa sababu betri zikichoka namba hulewa. Uwe na kifuniko cha kuzuia upepo, na uwe na jiwe lake la kuuhakiki. Wa dola thelathini na tano unatosha kabisa. Mzani wa bei rahisi ni kama mfanyakazi mlevi, kazi atafanya, ila usimwache peke yake. Na jihadhari na kile kitufe cha kubadili vipimo. Ukikigusa bila kujua utapima kwa gramu huku ukidhani ni greni, na bunduki itakurudia usoni.

Lakini niambie: mzani wa baba, ule wa mkono wa chuma, umepatwa na nini? Na LaVonne hupeleka masinia penye mgonjwa au penye msiba. Nani anaumwa?

Halafu nikuchekeshe. Mwezi wa tatu nilikuwa peke yangu karakanani, nikasikia mtu anapiga mluzi nyuma yangu, ule mluzi wa Verdell wa kujazia maganda, unaopanda halafu unasahau kushuka. Nikageuka na kumtukana kabisa, nikidhani ni kijana wa zamu. Hapakuwa na mtu.

Shemeji yako,
Orlin


Esmond
21 Juni 2009

Shemeji Orlin,

Hapa ni joto na mbu. Rubabu, ile mboga chachu ya jamu, imeota kuliko mahitaji ya binadamu, nimepika jamu mpaka nimechoka kuiona. Mchungaji alipita, akanywa kahawa na kukaa kupita kiasi. Nashukuru kwa barua yako. Niliisoma yote kwa sauti, Verdell akiwa pale. Hakukatiza hata mara moja.

Hakuna mgonjwa hapa. LaVonne ni LaVonne.

Mzani wa baba yenu haujavunjika. Upo pale pale mezani. Siutumii tu.

Nimenunua ule wa thelathini na tano, na sasa nina swali. Nauwasha, nauweka kwenye sifuri, sahani tupu, kifuniko kimefungwa. Nakaa kimya. Namba zinaanza kupanda. Sifuri nukta moja. Sifuri nukta mbili. Unasimama kidogo, kama mtu anayewaza, halafu unaendelea. Orlin, hakuna kitu juu ya sahani! Skipper hataki kuingia chumba kile cha kujazia siku hizi, anakaa mlangoni na kukitazama kiti cha Verdell. Na mkono wa mashine ya kujazia, ambao mimi huuacha juu kila ninapoondoka, jana saa sita mchana niliukuta chini. Najua utasema nimezeeka. Sawa, lakini mkono ulikuwa chini.

Swali lingine: mzani huu waweza kupima kitu kisicho baruti? Kitu laini, chepesi, tuseme chokaa?

Na ule mluzi ulikuwa tarehe ngapi? Jitahidi ukumbuke.

Arlys


Naknek
16 Julai 2009

Shemeji,

Samaki wamekuja wote kwa siku moja kama wadai. Nimelala kwa vipande vipande na mikono yangu inanuka hata baada ya sabuni ya kuondolea mafuta ya gari, kwa hiyo samahani kwa karatasi hii.

Tarehe siikumbuki. Kwa nini?

Mzani unaopanda wenyewe si shetani, Arlys, ni mzani wa dola thelathini na tano. Uache umewaka kabla ya kupima, unataka kupata joto. Simu ya mkononi ikae mbali nao. Taa ndefu za darini zizimwe, zinausumbua. Meza iwe sawa, dirisha lifungwe. Friji ikinguruma chumba cha pili nayo inatosha. Na kuna ugonjwa mwingine wa mizani rahisi: ukimimina kidogo kidogo mno, chembe baada ya chembe, haioni. Inadhani ni upepo, inakaa na namba ile ile huku sahani inajaa. Lazima uinue sahani na kuirudisha, ndipo inashtuka na kusema kweli. Mkono wa mashine umelegea skrubu. Mwambie Verdell auangalie, au mikono yake pia imestaafu?

Chokaa ya nini ndani ya ganda la risasi? Sikuelewa, na sikupenda.

Sasa msomee haya. Verdell, kaka, mimi ndiye niliyekosa kwanza. Ulikuwa umemzika baba mwezi mmoja tu kabla, na mimi nikakuletea kitu cha kuchukua nafasi ya kitu chake, tena na utepe. Sikuwaza. Nilitaka tu uone kwamba naleta kitu nyumbani, siji kula tu. Nikiwa na akili ningeleta chupa ya pombe. Nataka kuja kufungua msimu na wewe Septemba. Tukae kwenye matete upande wa mashariki, tusiseme lolote, tutetemeke kwa baridi kama zamani.

Arlys, amejibu nini? Usiniambie tena kwamba hakukatiza. Huyo mtu alikatiza hata mahubiri ya Pasaka. Mwambie aandike chini ya barua yako, herufi V tu, nami nitakata tiketi siku hiyo hiyo.

Orlin


Esmond
9 Agosti 2009

Shemeji Orlin,

Ngano imeiva, mashine zinavuna mpaka giza na vumbi liko kwenye kila kikombe. Mimi ni mzima.

Hakuna herufi V. Verdell alifariki mwezi wa tatu, hospitali ya Minot, mapafu. Ilikuwa asubuhi, theluji inaanguka, na mimi nilikuwa nimeshuka kununua kahawa kwenye mashine. Niliporudi nesi alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake imekunjwa, nikajua.

Sikukuzuia usije mazishini, maana hayakuwapo. Alisema siku ile alipowekewa mpira wa hewa puani: "Usinizike, Arlys. Nijaze kwenye maganda, unipige juu ya dimbwi siku ya kufungua." Nikamwambia acha upuuzi. Akasema majirani zetu akina Lindvig walimfanyia babu yao hivyo na bata hawakulalamika. Basi alipokufa wakamchoma, nikapewa sanduku la majivu yake, nikaliweka jikoni juu ya friji. Kila nilichokuandikia kuhusu yeye kilikuwa kweli. Yupo jikoni. Kifua hakimsumbui. Nimemsomea barua zako zote, na hakukatiza.

Naomba unielewe, ingawa sistahili. Nilipoandika ile barua ya Mei nilikaa mezani kukuambia, na nilipofika kwenye neno lenyewe kalamu ikakataa, ikaenda kwenye mzani. Mzani nilikuwa nauhitaji kweli, nikasema barua ya pili nitamwambia. Kisha ukajibu, una furaha kama mtoto, unasema amelainika. Niiue furaha ile kwa stempu ya senti arobaini na nne? Na kuna jambo baya zaidi. Kila nilipokuandikia, alikuwa hai kidogo. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa bado anamtumia salamu.

Mzani wa baba yenu siutumii kwa sababu vipimo vyake viko pale pale alipoviacha Verdell mara ya mwisho. Nikivisogeza, mkono wake wa mwisho umefutika. Nafuta vumbi kuzunguka tu.

Chokaa ilikuwa yeye. Nataka kila ganda lipate sawa na mwenzake. Lakini, Orlin, naogopa. Nilimpima akiwa kwenye bakuli, nikaandika. Kesho yake nikapima tena, ameongezeka. Kesho kutwa yake, ameongezeka. Taa nimezima, simu iko ghalani, mzani umewaka tangu alfajiri, jiwe la kuhakiki linasoma sawasawa. Mzani hausemi uongo. Juzi nilikuwa namsomea ule ukurasa wako, pale unaposema wewe ndiye uliyekosa kwanza, na namba ikapanda mbele ya macho yangu, na sikuwa nimegusa meza. Nikatoka nje na kukaa kwenye gari. Anaongezeka uzito, Orlin. Kama mtu anayerudi.

Alitaka wewe ndiye umpige. Njoo.

Arlys


Naknek
31 Agosti 2009

Arlys,

Majivu hunywa unyevu wa hewa, hasa jikoni na hasa yakiachwa kwenye bakuli. Yafunike, weka chombo kisichopitisha hewa, pima siku kavu.

Tangu Mei nimekuwa nikimwandikia mtu aliyekuwa juu ya friji. Nimemwomba msamaha. Nimetania kuhusu mikono yake.

Jibu swali moja, na safari hii usinichezee maneno ya kweli yanayofanya kazi ya uongo. Alitaja jina langu? Hospitalini, au nyumbani, au wakati wowote tangu nilipotoka na mkoba wangu. Alisema "Orlin"?

O. Haugstad


Esmond
8 Septemba 2009

Orlin,

Leo siandiki habari za shamba.

Nimeyafunika kama ulivyosema, na hayaongezeki tena. Ulikuwa umesema kweli. Nilidhani nitafurahi, lakini nimelia kuliko nilivyolia Minot, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzoea. Kila asubuhi nilikwenda chumba kile nikiogopa, na nilikwenda mbio. Sasa namba imesimama. Sahani ina uzito wa majivu, hakuna zaidi. Chumba kimenyamaza kabisa, hata Skipper ameingia na kulala chini ya kiti.

Hapana. Hakukutaja. Si hospitalini, si nyumbani. Miaka hiyo yote, mtu akisema Alaska alikuwa akiondoka chumbani kutazama kuni. Usiku wa mwisho nilimuuliza kama kuna mtu wa kumwita. Akageuza uso ukutani. Nilisubiri, Orlin. Nilisubiri jina hilo kuliko unavyolisubiri wewe, maana mimi ndiye niliyekaa katikati ya ukimya wenu nikipika. Akasema tu kwamba baridi imezidi, nimfunike miguu.

Kwamba alitaka umpige wewe, nilitunga. Mimi ndiye ninayetaka. Sitaki kusimama kwenye matete yale na akina Lindvig na LaVonne na sinia lake, na hakuna hata mmoja mle aliyeachwa na mtu yule yule aliyeniacha mimi. Maganda yako tayari, nimeyajaza kwa mkono wangu na kila moja ni sawa na jingine. Usipokuja nitayapiga mwenyewe, najua kulenga. Lakini nimekuambia yote sasa, na sina kitu kingine cha kukuvutia nacho.

Arlys


Naknek
17 Septemba 2009

Shemeji yangu Arlys,

Barua yako imefika upesi, angalau mara hii mbingu zimekuwa na huruma. Kiwanda kimefungwa, mpishi amekwenda kwao na sukari yake. Mimi si mzima sana, lakini nakula.

Nilikuwa nimeshaamua. Nilisema moyoni, Arlys akiniandikia kwamba Verdell alinitaja, kwamba kwenye pumzi ya mwisho alisema Orlin na machozi yakamtoka, siendi. Nitajua bado ananidanganya, na huyo anayetaka nikampige angani simjui, ni mtu aliyetungwa na mjane jikoni. Nilikuwa nikifungua bahasha huku nimekasirika tayari.

Kisha nikasoma kwamba aligeuza uso ukutani akadai afunikwe miguu. Arlys, nilipiga kelele humu ndani, jirani akaja kugonga. Ni yeye! Ni yeye mwenyewe, mbishi, shingo ngumu kama mlango wa ghala! Tangu barua yako ya Agosti sikuwa nimeweza kulia. Ulikuwa umeniambia kwamba kuna mtu amekufa, lakini yule aliyelainika uliyekuwa ukinitumia habari zake hakuwa kaka yangu, nisingeweza kumlilia. Sasa nimempata wa kumlilia.

Ndege yangu inafika Minot Alhamisi, siku mbili kabla ya kufungua msimu. Usije kunichukua, goti lako hilo, nitakodi gari. Bunduki sina, niliuza, nitatumia yake. Usimwambie LaVonne mapema, hiyo friza itapasuka.

Hukuuliza, lakini nitakuambia. Mimi nami, watu wakisema Dakota hapa, huwa natoka nje kutazama kamba za mashua. Kama ningekuwa mimi kwenye kitanda kile ningegeuza uso ukutani vile vile, nisingemtaja, na ningetaka aje.

Orlin